Kokoa Yetu, Kopo Lao

Kila kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti, joto la usiku likishuka hadi kama nyuzi 19, vijana wa Dar tunaulizana: chokoleti ya moto iliyo bora inapatikana wapi? Majibu yote huelekea Masaki. Swali lenyewe limepinda.

Kokoa inalimwa Kyela, mkoani Mbeya. Inauzwa ikiwa mbegu kavu, kwenye minada ya stakabadhi ghalani, na sehemu kubwa inakwenda nje. Kisha tunanunua Kariakoo unga wa kopo kutoka ng'ambo, na faida ya kukaanga na kusaga imebaki huko huko.

Msiniambie hatuna utamaduni wa kinywaji chungu. Mnazi Mmoja muuza kahawa anagonga vikombe vyake, birika juu ya mkaa, kashata pembeni. Wazee, wabeba mizigo na wanafunzi wanakaa benchi moja. Kahawa haikusubiri mgahawa wenye kiyoyozi.

Basi kokoa ya Kyela ikaangwe hapa, isagwe hapa, ipate na yenyewe birika lake barabarani. Mpaka siku hiyo, anayesaka kikombe bora mjini anashindanisha makopo tu.