Waraka wa Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Songwe



Mimi ni mama lishe hapa Tunduma, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Nakuandikia kuhusu kaswende.

Juzi mteja wangu wa miaka mingi, dereva, alikuwa ananawa ale ugali nikaona viganja vyake vina madoa ya rangi ya kutu. Akasema ni kamba za turubai, wala hayawashi. Nikamwomba avue kandambili. Nyayoni yamo vilevile. Nilipomdadisi akakumbuka kidonda cha sehemu za siri, miezi miwili nyuma, kisichouma hata kidogo. Alinunua rangi mbili, vidonge sita vya kufungiwa kwenye karatasi, kidonda kikafunga, akashukuru Mungu.

Kumbe kidonda cha kaswende hufunga chenyewe baada ya wiki tatu hadi sita, umeze dawa usimeze. Vijidudu vinabaki mwilini. Mwanamume mwenye kisonono mara nyingi mkojo unamchoma, usaha unamtoka, atakwenda zahanati apende asipende. Huyu wa kaswende hana kinachomkimbiza.

Madoa yale nayajua kwa sababu yamenipitia. Nilipokuwa mjamzito, kliniki walinitoboa kidole, wakapima, wakanichoma penisilini ya benzathini. Wakaniambia nimlete mwenzangu. Mwenzangu alikuwa Lubumbashi na mzigo. Aliporudi sikuthubutu kumwambia, naye hakutibiwa, nikaupata ugonjwa upya, maana kaswende haimwachii mtu kinga. Mtoto wangu alizaliwa amekufa, mimba ya miezi saba.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. Kaswende ikiwa bado changa, dozi moja ya uniti milioni 2.4 inaimaliza, na kwa mjamzito penisilini ndiyo dawa inayotegemewa kumfikia mtoto tumboni. Faida yake inafika hata kwenye UKIMWI, kwa kuwa vidonda hivi huvifungulia virusi njia. Utafiti wa Mwanza uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba vituo vya afya vilipoboresha tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Ni utafiti wa hapahapa nchini kwetu, Daktari.

Naomba mambo mawili. Kwanza, huduma ya kupima na kuchoma sindano jioni, karibu na foleni, kwa sababu dereva haachi lori mchana wakati foleni inasogea. Pili, kaa na wenzako wa Nakonde, ili kadi ya kumwita mwenza inayoandikwa Tunduma ipokelewe kule, na ya kule ipokelewe huku. Sisi tunavuka kwa miguu, mfukoni tuna shilingi na kwacha, na Wanyamwanga wana ndugu pande zote mbili. Tangu 2019 maofisa wa nchi hizi mbili wanakaa pamoja mpakani ili lori likaguliwe mara moja tu. Kama karatasi za mzigo wa shaba zinasomwa na pande zote mbili, ya mgonjwa nayo isomwe.

Yule dereva nilimwandikia kwenye kipande cha daftari: "Kaswende. Pima damu. Mwambie na mkeo." Akakiweka ndani ya kava la leseni. Usiku foleni ilisogea, akavuka. Anategemea kurudi mwezi ujao.

Mama lishe, Tunduma