NEPI YAIVUA NGUO SERA YA VIWANDA

KIJANA mwenzangu, usicheke. Najua ukiliona neno nepi unadhani ni habari za akina mama, unataka kurukia ukurasa wa michezo. Subiri kidogo. Leo nepi inazungumza siasa, tena siasa ya ajira yako.

Wewe unayepanga nepi juu ya turubai pale Kariakoo, Mwanjelwa au Mlango Mmoja. Na wewe uliyepata mtoto juzi, kila jioni unapitia dukani kwa Mangi kununua mbili za usiku. Chukua moja uishike kwenye mwanga. Utaona vidoti vidogo vimepangwa kwa mistari. Sasa vuta yale masikio mawili ya kiunoni. Yanavutika, na ukiyaachia yanarudi. Umewahi kujiuliza kitambaa kile kimefumwa wapi?

Hakikufumwa! Hakuna mtande wala mshindio. Ni chembe za plastiki iitwayo polipropilini, zinayeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 200, zinasukumwa kwenye matundu membamba kama sindano, upepo unazivuta ziwe nyuzi kuliko unywele, zinaangukia kwenye mkanda unaokimbia. Kisha magurudumu ya chuma ya moto yanazibana. Vile vidoti ulivyoviona ni alama za magurudumu hayo.

Na kule kuvutika? Wanachukua utando wa mpira, wanauweka katikati ya vitambaa viwili, wanaupitisha kwenye magurudumu yenye meno yanayoingiana. Meno yanazinyoosha nyuzi za nje, basi kitambaa kinafuata mpira. Kwingine wanavuta nyuzi za mpira, wanazigandisha kwa gundi zikiwa zimevutwa, wakiziachia kitambaa kinajikunja. Hakuna uchawi hapo. Ni ufundi unaofundishika.

Tena si mgeni kwako. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ule mfuko mbadala uliouchukua ulikuwa ndugu wa kitambaa hiki. Wa mfuko ulitakiwa ufike gramu 70 kwa mita ya mraba. Wa nepi mara nyingi hata gramu 25 haufiki. Mwaka 2020 ulipovaa barakoa ya hospitali, ni ukoo huo huo ulikuziba mdomo.

Sasa njoo kwenye siasa. Kwa miaka kumi tumeimbiwa wimbo wa Tanzania ya viwanda. Lakini fungua hotuba za bajeti. Utakuta nafuu ya ushuru kwa malighafi za kutengenezea nepi na taulo za kike: asilimia sifuri badala ya 10 au 25, kwa mwaka mmoja. Ukiisha, watu wanarudi kuomba tena.

Jiulize, hiyo malighafi ni nini? Sehemu yake moja ni kitambaa hicho hicho, kimekwisha kuyeyushwa, kimekwisha kunyooshwa, kimefungwa kwenye marobota! Jasho lote la maana limetoka kwenye nchi za wenzetu, mishahara imelipwa huko huko. Sisi tunabaki kukata, kukunja, kugandisha na kupaki, halafu mkubwa anaalikwa kukata utepe. Hicho ni kiwanda au ni saluni ya nepi?

Na ni mwendawazimu gani atajenga mtambo wa kitambaa hapa? Mtambo ni mamilioni ya dola, unarudisha fedha baada ya miaka mingi. Atashindanaje na robota linaloingia bila ushuru, chini ya sera inayoishi miezi 12? Hata pango la chumba cha Manzese halina mashaka kiasi hicho!

Tazama na taulo za kike. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT ya asilimia 18. Mwaka 2019 ikairudisha, ikisema wafanyabiashara hawakushusha bei. Sawa, bei haikushuka. Lakini aliyekosa ni mfanyabiashara, aliyechapwa ni binti! Dada yako ndiye aliyebaki anahesabu siku za kukosa shule. Serikali inayojua kumfukuza machinga barabarani ilishindwa kusimamia bei ya pakiti moja?

Watakuja wapambe watuambie eti tuna gesi, tusubiri. Usidanganywe majukwaani. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na karibu yote ni methani. Kuigeuza polipropilini ni safari ndefu na ya gharama kubwa. Hatuhitaji kuingoja. Chembe za plastiki zinaingia nchini kila siku, zinatengenezewa ndoo na viroba. Tuanzie hapo hapo.

Wengine watasema hatuna uwezo. Mwaka 1968, nchi ikiwa na miaka saba tu ya uhuru, kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na vijana kama wewe wakajifunza mitambo ambayo baba zao hawakuwahi kuiona. Leo una simu mkononi, una cheti cha VETA, unaambiwa huwezi?

Tunachodai si miujiza. Nafuu ya ushuru wa kitambaa iwekewe ukomo unaojulikana, tuseme miaka mitano, ipungue hatua kwa hatua, na chembe za plastiki ziendelee kuingia kwa sifuri muda wote huo. Anayejenga mtambo apewe ahadi ya maandishi isiyobadilika kila Juni. Umeme uwe wa uhakika, maana ukikatika ghafla plastiki inaganda matunduni na kazi inasimama. Bwawa la megawati 2,115 tumeshajengewa. Sasa tuuone kiwandani, si kwenye mabango. Na VAT ya taulo iondoke, pamoja na mtu wa kusimamia bei.

Mbunge wako akija kuomba kura, usimwombe fulana. Mpe nepi. Mwambie aivute masikio, kisha akujibu: kwa nini mtoto anazaliwa Temeke, na nguo yake ya kwanza inatoka ng'ambo?