Bei ya bangi ya kukamuliwa: pesa haiko mu shamba



Kuna picha inayozunguka katika simu zetu tangu wiki kadhaa. Kichupa kidogo cha kioo, ndani yake kitu cha manjano kama asali iliyoganda, na bei yake: gramu moja, dolari 40. Chini ya picha mutu ameongeza hesabu: kilo moja dolari 40,000, na kwetu bangi inaota mu Masisi na mu Lubero, "sasa siye batoto ba inchi tunangojea nini?" Siku chache nyuma ya picha, watu fulani wakaanza kuomba dolari 50 kwa kila kijana anayetaka kuandikishwa katika mradi wa "or vert". Wenzetu wawili walilipa. Mmoja aliuza telefone yake ili apate hizo pesa. Wote wawili wako na diploma ya chuo kikuu. Namba waliyotumia pesa haitoki tena.

Hatuwacheke. Sisi pia tulipiga ile hesabu, hata sisi tuliosoma economie, na kwa dakika kumi tulikuwa matajiri. Njo maana leo tunaandika juu ya kitu ambacho hatujazoea kuandika: bei ya bangi ya kukamuliwa inatengenezwa na nini, na nani anaikula.

Tuanze na kitu chenyewe. Kinachofanya bangi ilevye kiko katika utomvu unaonata kwenye maua yake. Ukitenga ule utomvu na majani, unapata kitu kidogo chenye nguvu nyingi. Maua mazuri yanaweza kuwa na asilimia 20 ya THC, kile kilevi chenyewe. Iliyokamuliwa inaweza kupita 70. Morocco wanachekecha maua makavu juu ya kitambaa, wanapata hashishi. Amerika wanatumia gesi ya butani, ama barafu na maji, ama joto na mashini ya kugandamiza.

Hapo njo bei inaanza. Kwa gesi, kilo 100 za maua mazuri zinatoa kama kilo 10 mpaka 20. Kwa hashishi ya Morocco ni kidogo zaidi: uchunguzi wa ofisi ya Umoja wa Mataifa ya madawa ya kulevya (UNODC) wa mwaka 2004 ulikadiria tani 98,000 za bangi zilizotoa tani 2,760 za utomvu. Kilo 100 hazifikishe hata kilo 3. Mwenye kuzidisha gramu mara elfu moja alisahau kugawanya kwanza.

Halafu kuna nyumba ya kazi. Butani ni gesi inayolipuka. Huko inakoruhusiwa, kiwanda kinadaiwa chumba kisichoweza kutoa cheche, mashini zilizofungwa ili gesi isitoroke, na wafanyakazi waliofundishwa. Kuna bidhaa ambazo maua yake lazima yagandishwe siku ile ile ya mavuno na yabakie katika baridi mpaka kiwandani. Wewe unayesoma hapa, umeme kwako uliwaka saa ngapi jana? (Tunauliza tu.)

Baadaye laboratwari. Kila fungu linapimwa: nguvu yake, mabaki ya gesi, dawa za wadudu, kuvu. Hiyo inalipwa, na iko na sababu. Kukamua kunakusanya utomvu, lakini kunaweza kukusanya na sumu pia. Marekani mwaka 2019 watu walianza kuanguka mapafu kwa kuvuta mafuta ya bangi katika kalamu za umeme, nyingi zikiwa zimenunuliwa nje ya duka halali. Waliotengeneza walikuwa wameongeza mafuta ya vitamini E ili kichupa kijae kwa bei ndogo. Mpaka Februari 2020 walihesabiwa watu 2,807, na 68 kati yao walikufa. Bei ya chini, kuna mutu aliilipa na mapafu yake.

Na kodi. Canada iliruhusu bangi Oktoba 2018, na ile ya kukamuliwa mwaka mmoja baadaye. Pale ushuru wa bidhaa ya kukamuliwa unafuata nguvu yake: senti moja ya dolari yao kwa kila miligramu ya THC. Gramu yenye miligramu 800 inabeba dolari 8 za ushuru kabla duka halijaweka faida yake. Jimbo la Illinois, Marekani, linatoza asilimia 10 kwa bangi yenye nguvu isiyozidi asilimia 35, na 25 kwa inayozidi hapo. Kwa hiyo sehemu ya ile bei ya kichupa ni serikali ya mbali inayojenga barabara zake. Hatuwalaumu. Tunasema tu kwamba hizo pesa hazitafika Masisi.

Kitu kingine picha haisemi: bei inaanguka. Marekani sheria ya shirikisho inakataza bangi kuvuka kutoka jimbo moja kwenda lingine, hata kama majimbo yote mawili yanairuhusu. Kila jimbo ni soko lililofungwa mlango. Wakilima sana, mali inabaki palepale. Colorado mwaka 2021, pauni moja ya maua kwa bei ya jumla ilikuwa imepita dolari 1,500. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya 800. California ilifuta kodi ya mashamba mwaka 2022 sababu wakulima walikuwa wanazama. Maua yakianguka, iliyokamuliwa inafuata, maana viwanda vinakamua hata mabaki yaliyokosa mununuzi. Na kama mlango wa jimbo jirani umefungwa kwa Mmarekani mwenyewe, nani amekudanganya kwamba utafunguliwa kwa kijana wa Butembo?

Mfano unaotugusa zaidi ni Morocco. Ni Afrika, ni milima, ni wakulima maskini, na hashishi yao imelisha Ulaya kwa miaka mingi. Mwaka 2003 UNODC ilikadiria kwamba soko lote la hashishi ya Morocco lina thamani ya dolari miliardi 12. Wakulima wa Rif walipata kiasi gani? Milioni 214. Haifike dolari 2 juu ya kila 100. Na wao hawakuuza majani tu. Wengi walichekecha wenyewe, katika nyumba zao. Yaani hata kukamua, ambako tunaambiwa ndiko utajiri uliko, hakukuwatajirisha.

Sababu ni hofu. Mutu anayelima kitu kilichokatazwa hawezi kupeleka mununuzi mbele ya tribinali. Hawezi kukopa benki. Hawezi kungoja bei ipande, maana polisi anaweza kufika kabla. Anauza kwa yule aliyekuja, kwa bei ya yule aliyekuja. Nyuma yake kila anayebeba hatari anaongeza pesa yake: mwenye gari, mwenye mashua, askari aliyefumba macho. Pesa inajengwa njiani.

Mwaka 2021 Morocco ilipitisha sheria namba 13-21 inayoruhusu bangi ya dawa na viwanda. Wizara ya Mambo ya Ndani ilisema yenyewe kwamba katika biashara ya magendo mkulima anabakia na asilimia 4 tu, na kwamba kwa njia halali anaweza kufikia 12. Agosti 2024 mfalme akasamehe wakulima zaidi ya 4,800 waliohukumiwa ama kutafutwa. Asilimia 12 si mbinguni. Lakini ni mara tatu, na mutu analala nyumbani kwake.

Sasa turudi kwetu. Bangi ya kukamuliwa hatujaiona ikitengenezwa hapa. Kinachopita ni majani na maua makavu. Lakini njia inajulikana. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu barieri 798 katika Kivu mbili. Pale kila kitu kinalipa: makala, mbao, maharagwe, mama mwenye kitunga cha viazi. Na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba bangi ni kati ya vitu vinavyolisha makundi yenye silaha. Sheria yenyewe inayokataza chanvre ni ya mwaka 1903, wakati inchi ilikuwa mali ya Leopold II. Nani anaingia gereza kwa hiyo sheria? Kijana wa kartie mwenye kifungo kimoja mu mfuko. Yule anayesindikiza magunia usiku, jela haimujue.

Na wale wanaosema "ikiruhusiwa tutapona" waangalie majirani. Rwanda ilitoa kanuni mwaka 2021: kulima kwa ajili ya dawa, kwa kuuza nje, kwa wenye kibali. Zimbabwe mwaka 2018 iliweka kibali cha miaka 5 kwa dolari 50,000. Kwa Kifaransa kibali hicho kinaitwa licence, kama vile diploma yetu. Ya diploma tuko nayo. Ile ingine, tutaipata wapi?

Msimamo wetu, basi. Hatuombe mutu avute, na hatuseme bangi ni dawa ya ushomeri. Tunakataa kijana kufungwa miezi kwa kitu anachovuta, wakati barieri zinakusanya pesa yake mchana. Kama siku moja serikali inataka kuruhusu kilimo cha dawa, mikataba itoke wazi kabla ya kusainiwa, sehemu ya mkulima iandikwe kwa asilimia, na kooperative za vijiji zipate kibali kwa bei ya kijiji. Kobalti na koltani zilishatufundisha kusoma mkataba baada ya kusainiwa. Hiyo kazi imetuchosha.

Kuhusu zile dolari 50: kama ulilipa, ama ndugu yako alilipa, tuletee picha ya mazungumzo, namba uliyotumia pesa na tarehe. Usifute kitu mu telefone. Avoka mmoja amekubali kutusaidia bure kuandika malalamiko ya pamoja ya kupeleka kwenye parke, na anataka majina kabla ya mwisho wa mwezi. Mpaka leo tuko na watu kumi na mmoja.