Kabla Udungwe Ganzi ya Bega, Uliza Kuhusu Pumzi

Bega likivunjika kwa ajali ya boda au likiteguka uwanjani, na daktari aseme lazima upasuliwe, unachotaka ni kimoja tu: usisikie uchungu. Unaletewa fomu, unatia sahihi, mambo yaendelee. Hapo ndipo vijana wengi tunalala.

Mbali na nusukaputi, daktari anaweza kukudunga ganzi karibu na neva za bega. Sindano inayotumika sana hupigwa kando ya shingo. Kwa kuzima uchungu, hiyo ni moto. Shida ni jirani yake. Hapo karibu inapita neva inayosukuma kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu unaokuwezesha kuvuta pumzi. Dawa ikiifikia, kiwambo cha upande huo nacho kinalala.

Na si jambo la nadra. Utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa mililita 20 za dawa zililegeza kiwambo cha wagonjwa wote. Waliopewa mililita 5, ni asilimia 45 tu walioathirika, na uchungu haukuwa tofauti.

Kijana mwenye mapafu safi huenda asihisi kitu, na ganzi ikiisha kiwambo hurudi kazini. Lakini kama una pumu kali, au mapafu yako yalichakazwa na TB, kupoteza nguvu ya upande mmoja si mchezo.

Njia nyingine zipo. Daktari anaweza kupunguza dawa, kudunga chini kidogo shingoni, au kudunga nyuma ya bega na karibu na kwapa. Hizo mbili za mwisho huacha pumzi karibu ilivyokuwa, ingawa saa za kwanza baada ya upasuaji uchungu unaweza kuzidi kidogo. Mimi heri uchungu kidogo kuliko kuhema kitandani.

Fomu ya idhini si otografu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze matibabu yaliyopo, faida na hatari zake, na inapowezekana kwa lugha unayoielewa. Hospitali isiyofanya hivyo haikufanyii hisani, inakunyima haki.

Kwa hivyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, mwambie daktari wa nusukaputi kuhusu mapafu yako, sigara ikiwemo. Kisha muulize: “Daktari, unanidunga wapi, dawa kiasi gani, na nitapumua aje?”