Mtaji wa urithi usiwe sababu ya kiburi



Wapo wafanyabiashara waliofanikiwa ambao huwakebehi vijana wasio na kitu, wakidai kuwa umasikini wao ni uvivu tu. Wengi wa wasemaji hao walianza na duka aliloliacha baba, au na bidhaa walizokopeshwa kwa heshima ya jina la ukoo. Qaruni naye alidai kuwa utajiri wake umetokana na elimu yake, na mwisho wake tunaujua.

Sisi tunasema bidii ni wajibu, lakini mali ya familia nayo ni msaada mkubwa. Uislamu haukulificha hilo. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua Makka na kutaka kutoa sehemu kubwa ya mali yake sadaka, Mtume (S.A.W.) alimwekea mpaka wa thuluthi, akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba.

Baadhi yetu hujibu kwa kisa cha Abdurrahman bin Auf (R.A.), aliyehamia Madina bila mali, akaomba aoneshwe soko, akaanza kwa kuuza jibini na samli hadi akatajirika. Kisa ni cha kweli, ila husimuliwa nusu. Kabla ya kwenda sokoni, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii (R.A.), alikuwa amekwisha kumwahidi nusu ya mali yake. Aliikataa kwa heshima, lakini aliingia sokoni akijua kuwa akianguka yupo wa kumwinua. Je, kijana wetu wa leo anaye nani?

Mtume (S.A.W.) mwenyewe, aliyekua yatima, alisafiri Shamu kwa biashara akiwa na mali ya Bibi Khadija (R.A.). Basi wenye uwezo miongoni mwetu na watoe mitaji kwa njia ya mudharaba, wagawane faida na vijana waaminifu, badala ya kuwaachia wakopeshaji wa riba.

Na wasimamizi wa mirathi wamche Mungu. Anayekula fungu la yatima leo anamnyima pia duka lake la kesho, kisha atakuwa wa kwanza kumwita mvivu.