Mama, Nilitaka Muuaji Afaulu



Toleo lililopita niliwaomba maoni yenu kuhusu riwaya moja tu, The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth, yaani Siku ya Mbweha. Sababu ilikuwa ya nyumbani kwangu. Mwanangu wa miaka 15 alijifungia nacho chumbani siku tatu. Usiku wa tatu akashuka jikoni, nami nakanda unga wa chapati, akaniambia: "Mama, nilitaka afaulu." Nani afaulu? "Muuaji." Mikono yangu ilibaki ndani ya unga. Sikuwa na jibu, nikaona niwaulize ninyi.

Kwa ambao hawajakisoma, kisa ni hiki, na asiyetaka kujua mwisho aishie hapa. Mwaka 1962 Algeria ilipata uhuru. Wapo Wafaransa, wengi wao wanajeshi na walowezi, walioona Rais Charles de Gaulle amewasaliti. Kundi lao la siri, OAS, lilijaribu kumwua. Hilo si hadithi: Agosti 1962 gari lake lilimiminiwa risasi Petit-Clamart, karibu na Paris, yeye na mkewe wakatoka salama. Kiongozi wa shambulio hilo, Bastien-Thiry, aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1963. Forsyth, aliyekuwa mwandishi wa habari wa Reuters mjini Paris wakati huo, anaanzia hapo na kuongeza la kubuni: OAS wanamkodi Mwingereza asiyejulikana kwa dola 500,000 akaimalize kazi. Jina lake la kazi ni Mbweha. Anayemwinda ni Claude Lebel, mpelelezi mfupi, mpole, asiyependa makuu.

Kitabu kilitoka mwaka 1971, wakati dunia nzima inajua kuwa de Gaulle alifariki nyumbani kwake mwaka uliotangulia. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba muuaji atashindwa. Hata hivyo moyo unamdunda. Sasa tuzisikie barua zenu.

Baba mmoja wa Muscat ameandika kwa ukali, nami namheshimu. Anasema kitabu hiki hakiingii nyumbani kwake. Mtoto akizoea kumwona muuaji ni mtanashati, ana akili, anavaa vizuri na analala hoteli nzuri, kesho ataona roho ya mtu ni kitu chenye bei. "Tumewaleta watoto ugenini wapate elimu," anasema, "si wajifunze kuunda bunduki ya kufichwa ndani ya gongo la kilema."

Mwanafunzi wa Manchester hakubaliani naye hata kidogo. Kwake kitabu hiki ni somo la kazi. Mbweha hapayuki, hakurupuki, anapima kila kitu mara mbili. Lebel naye ni hivyohivyo: anashinda kwa kupiga simu, kupekua kadi za hoteli na kukosa usingizi. Kijana wetu anasema alikisoma wakati wa mitihani, kikamfundisha kwamba ushindi mwingi hutokana na kuvumilia mambo madogo yanayochosha. Anakumbusha pia kwamba Forsyth mwenyewe alisema alikiandika kwa siku 35, hana kazi, hana fedha.

Barua iliyonigusa zaidi imetoka kwa dada mmoja wa Minnesota. Yeye hakushughulika na bunduki. Alikwama kwenye pasipoti. Mnakumbuka Mbweha anavyoipata: anazunguka makaburini huko Uingereza, anatafuta kaburi la mtoto wa kiume ambaye angekuwa hai angelingana naye umri. Anampata mmoja aliyekufa akiwa na miaka miwili na kitu, anachukua cheti chake cha kuzaliwa, anaombea pasipoti kwa jina la marehemu. "Bi Mhariri," ameandika, "mimi nilingoja karatasi zangu miaka tisa kwa jina langu la kweli nililopewa na bibi yangu. Huyu anavuka mipaka kwa jina la mtoto wa watu aliyelala kaburini, na mpakani wanamwambia karibu. Nilikasirika nikakifunga kitabu. Halafu nikakifungua tena, kwa sababu nilitaka wamkamate." Nadhani wengi mmeitikia kwa kichwa.

Mzee mmoja wa Toronto, mwalimu mstaafu, ametuletea jambo ambalo wengine mlilipita mbio. Anasema mnamtazama Mbweha tu, mmemsahau Kowalski. Huyu ni mlinzi wa mkuu wa OAS, jitu la miraba minne, naye ni muuaji vilevile. Ana binti mdogo. Majasusi wa serikali wanamvuta kwa barua ya uongo kwamba binti ni mgonjwa mahututi. Anaacha maficho, anakwenda kumwona mwanawe, wanamkamata na kumtesa hadi anakufa. "Sasa niambieni," anauliza Mzee, "wema wako upande upi? Na Waalgeria wenyewe, ambao damu yao ilimwagika tangu 1954, wako wapi humo ndani?" Ni kweli. Wafaransa wanagombana kuhusu Algeria kitabu kizima, na Mwalgeria mwenyewe haonekani.

Wapo pia waliolinganisha na riwaya zetu. Sisi tuliokua tukiazimana Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba mpaka majalada yakanyofoka, Willy Gamba naye aliua watu wengi tu, na hakuna mzazi aliyetushtaki kwa kumshangilia. Lakini Willy Gamba alikuwa na nchi nyuma yake, na sababu. Mbweha ana akaunti ya benki tu.

Na wale mlioona tamthilia mpya ya televisheni ya mwaka 2024 mmesema muuaji wa humo ana mke na mtoto, kwa hiyo mlimhurumia. Hilo limenisaidia kuona jambo. Mbweha wa kitabuni hana mtu. Hatujui mama yake, hatujui alikozaliwa. Wanaomsogelea kwa wema au kwa tamaa wanamgharimu kitu kidogo tu: mwanamke aliyelala naye, mwanamume aliyempa hifadhi Paris, mtengeneza vyeti bandia. Wote anawaua bila mkono kutetemeka.

Mwishoni Lebel anampiga risasi. Polisi wa Uingereza walidhani jina lake ni Charles Calthrop, kumbe Calthrop halisi anarudi nyumbani kwake akiwa mzima. Mbweha anazikwa katika makaburi ya Paris kama mgeni asiyejulikana, na kaburini wamesimama watu wachache wa kazi na Lebel. Aliyeiba jina la marehemu kafa bila jina.

Nilimrudia mwanangu na ukurasa huo. Nikamkumbusha baba yule wa mtaani kwetu aliyefariki mwaka jana, tusiyemjua vizuri, na jinsi kundi letu la WhatsApp lilivyochanga kwa siku nne, paundi tano tano na kumi kumi, mpaka mwili ukafika Tanga na kuzikwa na nduguze. Yeye mwenyewe ndiye aliyepita na bahasha kwa majirani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini Mama, bado nilitaka afaulu."

Sikumgombeza. Mwandishi ametuketisha upande wa muuaji kwa kurasa nyingi makusudi, tuone tulivyo wepesi kuvutwa na mtu hodari, hata akiwa na shabaha mbaya. Heri mtoto ayagundue hayo kitabuni, na mzazi yuko jikoni wa kumwambia, kuliko ayagundue kwa mtu wa kweli atakayemjia na suti nzuri na maneno matamu.

Kwa hiyo baba wa Muscat, kwa mtoto wa miaka 12 niko upande wako, kitabu kikae juu ya kabati. Kwa aliyefika 15 ningempa, ila nisome naye.

Toleo lijalo tunarudi nyumbani: Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla. Niandikieni: mmewahi kumjua mtu kama Bwana Msa, anayefikiri kabla ya kusema?

Wenu jikoni na kwenye rafu ya vitabu.