Indiana haikuokota dodo chini ya mwarobaini

PEMBE YA UWANJA
Na Saidi Mwinyikombo

Msimu wa 2024 wa Chuo Kikuu cha Indiana umekuwa ukisimuliwa kama hekaya. Timu ya futiboli ya Kimarekani iliyopoteza mechi 9 kati ya 12 mwaka 2023 inaletewa kocha mkuu wa miaka 62 asiyejulikana na wengi. Mwaka unaofuata inashinda mechi 10 mfululizo tangu siku ya kwanza, inamaliza na ushindi 11 na kuingia mchujo wa ubingwa wa taifa. Wasimuliaji huishia kwenye neno muujiza. Nalikataa neno hilo, maana likishatamkwa hakuna anayeuliza tena, na hapa pana mengi ya kuuliza. Kwa hukumu yangu, sababu kubwa kuliko zote ni kwamba chuo kilimchagua mtu kwa kazi ambayo alikwisha kuifanya akiwa yeye ndiye mwenye nyumba, kisha kikamwachia aje na watu wake.

Tuanze na shimo alilokuta. Indiana ni chuo cha mpira wa kikapu, chenye mataji matano ya taifa katika mchezo huo, na futiboli iliishi pale kama mtoto wa kambo. Hadi 2023 hakuna chuo cha daraja la juu kilichokuwa kimepoteza mechi nyingi kuliko Indiana katika historia: zaidi ya 700. Mara ya mwisho kuonja ubingwa wa ligi yao, Big Ten, ilikuwa 1967, tena kwa kugawana na wengine. Kwa zaidi ya karne moja haikuwahi kufikisha ushindi 10 katika msimu mmoja. Kocha aliyeondolewa, Tom Allen, hakuwa mtu wa hovyo. Mwaka 2020 alishinda mechi 6 kati ya 8. Lakini misimu mitatu iliyofuata ilileta ushindi 2, kisha 4, kisha 3. Wapinzani walipoitazama ratiba yao, jina la Indiana walilihesabu mapema kuwa pointi za bure. Kibonde ni kibonde.

Curt Cignetti aliajiriwa mwishoni mwa Novemba 2023, na ukilitazama daftari lake la kazi huoni bahati nasibu. Alikuwa msaidizi wa kocha Nick Saban katika Chuo Kikuu cha Alabama kuanzia 2007, akawa naye walipotwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2009. Kwa msaidizi wa pale, njia ya kawaida ni kutulia na kusubiri chuo kikubwa kimpigie simu. Yeye mwaka 2011 akashuka hadi daraja la pili, kwenye Indiana University of Pennsylvania, chuo kingine kabisa, ambacho baba yake aliwahi kukifundisha, akakubali kupunguziwa mshahara ili awe kocha mkuu. Kutoka hapo akaenda chuo cha Elon, kisha cha James Madison, ambako alishinda mechi 52 na kupoteza 9. Misimu 13 ya ukocha mkuu, na hakuna hata mmoja aliomaliza akiwa amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Naung'ang'ania mlolongo huo kwa sababu msaidizi, hata akiwa hodari, hushika kipande kimoja cha kazi. Kocha mkuu wa chuo kidogo hupanga mazoezi, husaka vijana ambao vigogo hawakuwataka, huamua nani aanze, huzungumza na wazazi, na timu ikifungwa hana wa kumsukumia lawama. Katika vyuo vidogo vile mtu hujifunza uongozi wa timu nzima kwa gharama ndogo, kabla mamilioni ya dola hayajawekwa mezani.

Jambo la pili ni wale aliokuja nao. Benchi la ufundi lilihama karibu lote: Mike Shanahan wa mashambulizi na Bryant Haines wa ulinzi, wote kutoka James Madison. Wakafuata wachezaji 13 wa chuo hicho hicho, miongoni mwao mpokeaji Elijah Sarratt, na katika ulinzi Aiden Fisher, Mikail Kamara na D'Angelo Ponds. Asiyeufuatilia mchezo huu anaweza kuona ni usajili wa kawaida. Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa maelekezo: kila mpango una jina lake, kila ishara ina maana yake, na kocha mpya hutumia miezi mingi kuwafundisha vijana lugha yake kabla hawajaanza kucheza bila kufikiri mara mbili. Cignetti aliingia Bloomington, mji wa chuo cha Indiana, na kundi ambalo tayari linaizungumza lugha hiyo. Fisher, aliyesimama katikati ya ulinzi akiwapanga wenzake, hakuhitaji kufafanuliwa Haines anataka nini. Alikuwa amekwisha kumchezea. Waliobaki kutoka kikosi cha zamani wakajifunza kwa kuwatazama wenzao kila siku mazoezini, na hiyo ni shule ya haraka kuliko ubao wa kocha.

Matunda yakaonekana mapema. Nebraska ilipigwa 56 kwa 7. Ugenini kwa Michigan State, Novemba 2, Indiana ilitanguliwa kwa mara ya kwanza msimu ule, pointi 10 kwa sifuri. Ikajibu kwa pointi 47 bila kuruhusu nyingine. Mimi naiona hiyo kuwa mechi iliyosema mengi kuliko zote, kwa sababu timu iliyozoea kufungwa huvunjika moyo hapo hapo, na hii haikuvunjika. Wiki iliyofuata Michigan, mabingwa watetezi wa taifa ingawa walikuwa wamepungua sana nguvu, wakalala 20 kwa 15, na ushindi wa 10 ukapatikana. Msimu wa kawaida ukafungwa kwa kuwacharaza majirani zao Purdue 66 kwa 0.

Pingamizi la kwanza, na lina uzito, ni kwamba ratiba ilikuwa laini. Ni kweli Indiana ilikutana na timu mbili tu za kiwango cha juu kabisa, na zote mbili zikaifunga. Mjini Columbus, Novemba 23, Ohio State ilishinda 38 kwa 15. Ukuta wa mbele wa Indiana ulizidiwa, kwotabeki Kurtis Rourke akaangushwa mara tano na kuambulia yadi 68 tu za pasi, na Caleb Downs akaudaka mpira uliopigwa mbali kwa mguu, akakimbia nao yadi 79 hadi mwisho wa uwanja. Desemba 20, kwenye mchujo, Notre Dame iliongoza 27 kwa 3 kabla Indiana haijapata pointi 14 za dakika za mwisho ambazo hazikubadili kitu. Lakini wanaoleta hoja hii wamalize hesabu. Ohio State na Notre Dame ndizo zilizokutana fainali Januari 2025, na Ohio State ikawa bingwa. Kufungwa mara mbili tu, na timu mbili bora za nchi, hakumvunjii heshima mtu. Msimu uliofuata ukalimaliza shauri lenyewe: Indiana iliifunga Ohio State 13 kwa 10 kwenye fainali ya Big Ten, mara ya kwanza kuishinda tangu 1988, ikaibomoa Alabama 38 kwa 3, ikaipiga Oregon 56 kwa 22, na Januari 2026 ikatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Miami 27 kwa 21. Mechi 16, ushindi 16.

Wengine wanasema ni soko tu. Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima, na anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa. Basi, wanasema, mwenye pesa anunue timu. Sikatai kwamba bila kanuni hizo msimu wa 2024 usingewezekana. Ila kanuni ni za wote. Colorado chini ya Deion Sanders ilikibadilisha kikosi karibu chote mwaka 2023, ikashinda mechi tatu za mwanzo dunia ikitazama, kisha ikamaliza na ushindi 4 kati ya 12. Kwa haki ya Sanders, alipokea timu iliyokuwa imeshinda mechi moja tu, na mwaka wa pili alipata ushindi 9. North Carolina ikamchukua Bill Belichick kwa msimu wa 2025, mtu mwenye mataji sita ya Super Bowl akiwa kocha mkuu wa New England Patriots, timu ya kulipwa, kwa takriban dola milioni 10 kwa mwaka, akaingiza wachezaji wapya wapatao 70. Mechi ya kwanza TCU ikamfunga 48 kwa 14. Msimu ukaisha na ushindi 4. Soko lilikuwa lile lile, na fedha zilikuwepo. Kilichokosekana kwa Belichick ni hata siku moja ya kuongoza timu ya chuo kabla ya hapo, na wengi wa wachezaji wake hawakuwa wamewahi kucheza pamoja.

Ipo hoja ngumu zaidi: wangapi walipanda kutoka vyuo vidogo wakaanguka? Kocha Scott Frost aliipeleka timu ya chuo cha UCF kwenye ushindi 13 bila kupoteza mwaka 2017, akarudi nyumbani kwao Nebraska kama mkombozi, na akafukuzwa 2022 akiwa na ushindi 16 na vipigo 31. Siwezi kudai kwamba daftari la kazi ni hirizi. Lakini Frost alikuwa amekaa kiti cha kocha mkuu kwa misimu miwili tu. Miwili inaweza kubebwa na kizazi kimoja cha wachezaji wazuri. Misimu 13 katika vyuo vitatu tofauti haibebwi hivyo.

Linalonikera kweli katika habari hii ni James Madison. Walimlea kocha, wakawalea vijana, kisha kigogo akaja na gari na kubeba vyombo vyote. Anayependa michezo ya vyuo ana haki ya kuuliza nani atakubali kupanda mti ambao matunda yake yatachumwa na jirani mwenye ukwasi. Naliona hilo kuwa dhuluma, na sioni kanuni za sasa zikiliponya. Hata hivyo, tazama walivyofanya. Walimwajiri Bob Chesney, aliyekuwa kocha mkuu Salve Regina, kisha Assumption, kisha Holy Cross, majina ambayo hayajai midomoni mwa mashabiki. Mwaka wa kwanza akashinda mechi 9. Mwaka 2025 akaichukulia James Madison ubingwa wa ligi yao na kuiingiza kwenye mchujo wa taifa, walikofungwa na Oregon 51 kwa 34. Chuo kile kilifuata njia yake ile ile mara ya pili, na kikafika mbali zaidi.

Sasa Chesney naye ameondoka. Amechukuliwa na UCLA, timu ya Big Ten, iliyomaliza msimu wa 2025 na ushindi 3 na vipigo 9: hesabu ile ile aliyoikuta Cignetti Bloomington.